Minyoo niliouziwa kama wa Ulaya wamekufa kwa baridi Mbeya: ni familia gani hasa, na kwao ni wapi?

mkulima_uyole

Wakuu, habari za jioni. Nina swali kwa wanaowajua nyungunyungu kwa undani.

Nalima viazi na kabichi hapa Uyole, Mbeya. Mwaka jana mwezi wa pili nilinunua minyoo wa kutengeneza mboji kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Akanihakikishia kwamba ni minyoo wekundu wa Ulaya, wanahimili baridi. Nikawaweka kwenye mabeseni niliyoyatoboa chini, samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa na maganda ya ndizi juu yake. Walikula sana na kuzaana mpaka nikaongeza mabeseni. Ilipoingia Juni, zile asubuhi ambazo hapa kwetu maji ya bomba yanauma vidole, wakaanza kulegea. Wengine wakapanda kwenye kuta za beseni na kukaukia huko, wengine wakajikunja chini na kuoza. Waliopona ni wa beseni moja tu lililokuwa jikoni jirani na mafiga.

Ni wakubwa, waliokomaa wanafika sentimita 20. Mgongoni wana rangi ya zambarau iliyoiva, na sehemu ya mbele ukiiangalia juani inametameta bluu. Tumboni ni weupe weupe. Sijaona mistari ya njano kwa yeyote.

Kuna jamaa kwenye kundi letu la wakulima anasema hao si wa Ulaya, ni wa Afrika. Kama ni kweli, mbona baridi ya Afrika imewaua? Na kama wa Afrika wapo, si nichimbe tu hawa wa shambani kwangu niwafuge bure? Naomba nieleweshwe wako familia gani na familia hiyo inakaa wapi kiasili.

---

Fundi_Sampuli

Ndugu mkulima, pole sana kwa hasara. Jamaa yako wa kundini yuko sahihi, lakini usinikubalie mimi wala yeye kwa maneno. Thibitisha kwa macho yako.

Chukua mmoja aliyekomaa, mwoshe kwa maji safi, mlaze kwenye sahani nyeupe yenye unyevu karibu na dirisha. Tafuta mkanda, ile sehemu iliyovimba kidogo ambayo mipaka ya pingili zake haionekani vizuri. Sasa hesabu pingili kuanzia kichwani. Nyoosha mwili taratibu kwa kijiti chenye ncha butu, usimvute. Kwa mnyoo ninayemdhania, mkanda unaanza kwenye pingili ya 13 au 14 na kuishia ya 18. Kwa mnyoo mwekundu wa Ulaya, *Eisenia fetida*, mkanda uko nyuma zaidi: unaanzia kati ya pingili ya 24 na 26 na kuishia karibu na ya 32. Tena Eisenia mkubwa huwa na mapete ya njano katikati ya wekundu wake, na ukimsumbua anatoa majimaji ya njano yenye harufu kali. Yeye ni wa familia Lumbricidae, familia ya Ulaya na nchi jirani za kaskazini ya dunia.

Usiishie kwenye mkanda, maana kuna mnyoo wa tatu anayeuzwa sana, *Perionyx excavatus* wa Asia, familia Megascolecidae. Mkanda wake nao uko mbele, na yeye pia anametameta. Hapo utahitaji lenzi ya mkono. Kila pingili ya nyungunyungu ina vijinywele vigumu anavyovitumia kushikilia udongo. Perionyx anavyo vingi, vimeizunguka pingili yote. Huyo ninayemdhania ana vinane tu kwa kila pingili, viwili viwili, ubavuni na tumboni. Ukimweka kwenye karatasi kavu na kuisogeza sikioni, utavisikia vinakwaruza anapotembea.

Ukipata mkanda wa mbele na vijinywele vinane, basi unaye *Eudrilus eugeniae*, familia Eudrilidae. Hii ni familia ya Afrika kusini mwa Sahara, na kwa asili haipo penginepo duniani. Ina jenasi (makundi ya spishi zilizo ndugu wa karibu) zaidi ya 40 na spishi zaidi ya 200. Nimefanya kazi ya maabara ya udongo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na hakuna kundi la wanyama ninalolipenda kama hili, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Jambo la kushangaza ni kwamba sayansi ilimjua mnyoo huyu kwanza akiwa nje ya bara lake. Msweden aitwaye Kinberg alimpa jina mwaka 1867 kutokana na sampuli za kisiwa cha St. Helena, zilizoletwa na manowari ya Sweden, Eugenie, iliyoizunguka dunia kati ya 1851 na 1853. Jina la mnyoo limetoka kwenye ile meli. Baadaye Edmond Perrier, pale Paris, akaunda jenasi Eudrilus akiwa na minyoo wa visiwa vya Antili na wa Brazili. Kwa maneno mengine, familia ya Kiafrika ilianza kuandikwa kwa mnyoo aliyekwisha kuvuka bahari, bila shaka kwenye udongo wa mimea iliyosafirishwa melini. Mtu aliyesoma maandishi ya wakati ule angeweza kudhani kwao ni Amerika.

Mambo yalibadilika wakusanyaji walipoanza kupeleka sampuli kutoka Afrika kwenyewe. Kutoka Lagos, afisa wa koloni aliyeitwa Alvan Millson alimpelekea Frank Beddard wa London minyoo, na mwaka 1891 Beddard akaeleza jenasi mpya za huko, kama Hyperiodrilus na Libyodrilus. Upande wetu huu, Franz Stuhlmann alifika Zanzibar mwaka 1888, akakusanya visiwani na bara, kisha akaenda na Emin Pasha hadi maziwa makuu. Minyoo yake ilifika Hamburg mezani kwa Wilhelm Michaelsen, ambaye ndiye aliyeijenga familia hii kuliko mtu mwingine yeyote. Jenasi Stuhlmannia na Eminoscolex zimebeba majina ya hao wasafiri wawili. Ilipoonekana kwamba jamaa za Eudrilus wamejaa Afrika, jenasi juu ya jenasi, na kwamba Amerika hakuna hata mmoja zaidi ya yule yule msafiri, suala la asili likaisha.

Sasa kwa nini wanahesabiwa familia moja? Sababu iko ndani ya mwili. Nyungunyungu wengi hubadilishana manii, na kila mmoja huyahifadhi ya mwenzake kwenye vifuko vilivyo mbele, mara nyingi kati ya pingili ya 5 na 9, mbali na mayai yake. Mayai na manii hukutana nje, ndani ya kifuko kinachotengenezwa na mkanda. Eudrilidae wamehamishia kifuko cha manii nyuma, kwenye pingili ya 13 au 14, jirani kabisa na mahali mayai yanapotokea, na katika wengi wao kuna mrija unaoviunganisha. Kwa hiyo mbegu hukutana mwilini. Na upande wa kiume wana jozi ya tezi nene zenye misuli, zinazofunguka karibu na pingili ya 17. Ukimpasua mgongoni kando kidogo ya mstari wa kati, ukaibana ngozi kwa pini kwenye sahani ya nta na kumwagia maji, tezi hizo ndizo zitakazokukamata jicho: mirija miwili minene inayong'aa kwa rangi ya lulu, imelala nyuma ya mkanda. Mara ya kwanza kuziona chini ya darubini niliita wenzangu wote waje watazame. Lumbricidae hana kitu kama hicho.

Nije kwenye baridi. *Eudrilus eugeniae* ni mnyoo wa nyanda za joto za Afrika Magharibi. Anapenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Likishuka chini ya 15 anapoa, anaacha kula na kuzaa, na karibu na nyuzi 10 anaanza kufa. Mbeya mwezi wa Juni na Julai usiku unashuka chini ya hapo. Kwa hiyo ni Mwafrika, ila wa pwani ya Guinea, na wewe umempandisha juu ya mita 1,700. Aliyekuuzia alikuambia habari za Eisenia akakupa Eudrilus. Hao Eisenia kweli wanahimili baridi kali zaidi.

Kuhusu kuchimba wa shambani kwako: waache walipo. Eudrilidae wengi wa Afrika Mashariki, kama akina Polytoreutus, wanakula udongo wenyewe na mabaki yaliyomo ndani yake. Ukiwatupia samadi tupu kwenye beseni watatoroka au watakufa. Kazi wanayoifanya ni ya hapo hapo chini ya viazi vyako, kufungua njia za maji na hewa. Ukilima bila kuchoma mabaki watakuwepo bila gharama.

---

mwl_busia

Mwalimu Fundi, asante kwa darasa. Naandika kutoka Busia, Kenya. Huku kwetu kwenye matope ya mafunjo kuna nyungunyungu mrefu ajabu, wa rangi ya udongo wenye kijani, ambaye vijana humchimba awe chambo. Kinachonishangaza ni kwamba anakaa kwenye tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, mahali ambapo ungetarajia kila kitu kikose hewa. Naye ni wa hiyo Eudrilidae? Wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliniuliza nikawaahidi jibu.

---

Fundi_Sampuli

Mwalimu, swali zuri na wanafunzi wako wana macho. Huyo karibu hakika ni Alma, na si Eudrilidae.

Mshike nusu ya nyuma umviringishe taratibu kati ya vidole viwili. Utahisi pembe nne, kwa kuwa mwili wake wa nyuma si mviringo, ni wa mraba. Mgongoni karibu na mkia kuna mfereji. Na akiwa amekomaa, sehemu ya mbele tumboni utaona vitu viwili bapa vinavyoning'inia, vya kumshikia mwenzake wakati wa kupandana. Hakuna Eudrilidae mwenye hivyo.

Hewa anaipata kwa huo mkia. Leonard Beadle wa Makerere alichapisha uchunguzi wake mwaka 1957 juu ya *Alma emini*: mnyoo anautoa mkia juu ya tope, anakunja kingo za ule mfereji mpaka zinakutana na kufanya bomba lenye hewa ndani, halafu anarudi nalo chini. Ngozi ya hapo ina mishipa mingi ya damu. Wanafunzi wako wanaweza kuliona hilo bila kuua mnyoo: wamweke kwenye chupa pana yenye tope lake mwenyewe na maji kidogo juu, waiache kivulini, wakae kimya wasiitikise.

Tena mambo haya yako jirani kabisa na nyie. Mwaka 1959 David Wasawo, Mkenya aliyekuwa akifundisha Makerere, pamoja na mwenzake Visser, waliandika kuhusu mabwawa ya Teso, Uganda, na vichuguu vya majani vinavyojitokeza huko, wakivihusisha na kinyesi cha minyoo hawa. Ukivuka mpaka tu unavikuta.

Kiuainishaji, Alma amehamishwa hamishwa. Kwa miaka mingi aliwekwa pamoja na minyoo wa Amerika Kusini katika Glossoscolecidae, leo wengi wanamweka katika familia yake, Almidae. Mtawanyiko wake nao ni tofauti: anafuata maji, na kwa njia ya Nile anafika hadi Misri. *Alma nilotica* alielezwa na Grube mwaka 1855, kabla Eudrilus hajapata jina. Sahara ambayo imewazuia Eudrilidae, yeye ameipita kwa kufuata mto.

---

binti_wa_udongo

Shikamoo mzee Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza, sayansi ya udongo. Nina mawili. Mosi, kama Eudrilidae wako Afrika yote ya kusini mwa Sahara, mbona kwenye orodha za Madagaska siwaoni kama wenyeji? Pili, uainishaji wa kupasua na kuhesabu pingili si umepitwa na vinasaba? Mhadhiri wetu alisema mti wa nyungunyungu umepangwa upya wote.

---

Fundi_Sampuli

Marahaba binti yangu. Umegusa penyewe.

Madagaska ilijitenga na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Ina familia yake ya pekee, Kynotidae, yenye jenasi Kynotus. Sasa linganisha na Acanthodrilidae, ambao kwa asili wapo Afrika Kusini, Amerika Kusini, Australia na New Zealand, yaani wametapakaa kwenye vipande vya bara la kale la Gondwana. Familia yenye ramani ya namna hiyo ilikuwepo kabla vipande havijaachana. Eudrilidae hawana ramani hiyo. Madagaska hawapo, Amerika Kusini hawapo. Tafsiri inayoniridhisha ni kwamba wamejitokeza, au angalau wameenea, Afrika ikiwa imekwisha kubaki peke yake. Mnyoo wa namna hii havuki maji ya chumvi kwa nguvu zake.

Na ukishuka kusini unaona mpaka mwingine. Eudrilidae wanapungua kadiri unavyoikaribia ncha ya bara, wanafika kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini, halafu uwanja unachukuliwa na Microchaetidae, wenye majitu ya zaidi ya mita moja, pamoja na hao Acanthodrilidae wa kale. Naona kwa maoni yangu kwamba kundi jipya lenye nguvu limewabana wa zamani pembezoni, kwenye baridi na mvua za kusini ambako lenyewe halistawi. Ndiyo sababu nasema kifo cha minyoo ya ndugu yetu wa Uyole na ramani ya familia nzima ni habari moja.

Michaelsen aliyaona haya mapema. Mwaka 1903 alichapisha kazi nzima juu ya mtawanyiko wa minyoo hawa duniani, na baadaye Alfred Wegener alipotetea kwamba mabara yanasogea, ramani za nyungunyungu za Michaelsen zilikuwa miongoni mwa ushahidi alioutegemea. Wanajiolojia wengi walimkatalia Wegener kwa miongo kadhaa. Hapo minyoo walikuwa mbele ya miamba.

Kuhusu vinasaba, mhadhiri wako amesema kweli. Mwaka 2017 Frank Anderson na wenzake walichapisha uchambuzi mkubwa uliotoa makundi mawili makuu, la kaskazini na la kusini, na chimbuko la nyungunyungu katika enzi za Pangaea, mabara yote yalipokuwa bado bara moja. Eudrilidae wanaangukia karibu na Acanthodrilidae na Megascolecidae, mbali na Lumbricidae. Lakini angalia: familia yenyewe haikuvunjika. Tabia ile ya kifuko cha manii kuwa jirani na mayai, iliyotambuliwa kwa wembe na pini katika karne ya 19, imesimama. Kinachobaki bila utaratibu ni jenasi za ndani. Eminoscolex na Polytoreutus zimelundikiwa spishi nyingi, nyingine kutokana na sampuli chache za zamani, na hizo zinahitaji vinasaba haraka. Ila utahitaji kujua kupasua ili ujue ni mnyoo gani umempima. Ukiwa na msimbo wa vinasaba usiokuwa na mnyoo uliotambuliwa nyuma yake, una herufi tu.

Kama unatafuta mada ya utafiti, nenda safu za Milima ya Tao la Mashariki, msitu baada ya msitu, ukaanze Usambara. Beddard alieleza *Polytoreutus magilensis* mwaka 1893 kutoka Magila, karibu na Muheza. Ningefurahi sana kumwona kijana wa hapa akirudi mahali pale pale na chepeo.

---

mkulima_uyole

Wakuu, nimerudi. Nimemwosha mmoja wa wale wa jikoni, nimemlaza kwenye sahani kama ulivyosema. Mkanda umeanza pingili ya 14, nimerudia kuhesabu na mke wangu akahesabu pia. Umeishia ya 18. Lenzi nimeazima kwa mwalimu wa sekondari jirani: vijinywele viko viwili viwili, havikuzunguka. Kwa hiyo ni Eudrilus.

Nimempigia muuzaji, anasema hata yeye alinunua kwa jina hilo hilo la minyoo wa Ulaya. Sasa nifanyeje na hawa waliobaki, niwatupe shambani nianze na Eisenia?

---

Fundi_Sampuli

Safi sana, mshukuru na mama kwa kuhesabu.

Usiwatupe. Wakati wa joto, kuanzia Septemba mpaka Aprili, Eudrilus anamaliza samadi haraka kuliko Eisenia na wewe umekwisha kuliona. Ikikaribia Mei, kusanya beseni moja au mawili ya mbegu uyaweke ndani, palipo na joto la moto lakini si karibu kiasi cha kukauka. Ongeza kina cha malazi yafike sentimita 30, kwa sababu beseni la kina kifupi linapoa lote usiku mmoja. Eisenia mnunue kwa ajili ya miezi ya baridi, ila safari hii mwombe muuzaji picha ya mkanda iliyopigwa karibu kabla hujatuma pesa, uhesabu mwenyewe. Wafuge mabeseni tofauti, maana wakichanganyika hutajua nani amekufa.

Shambani wataishi miezi ya mvua tu na baridi itawamaliza, kwa hiyo hutapata faida. Msituni ndiko nisikotaka kabisa mtu awapeleke, Eisenia wala hao. Misitu ya Poroto na Rungwe ina minyoo wake ambao hakuna aliyewaorodhesha ipasavyo.

Na nina ombi. Ukichimba viazi na ukakutana na mnyoo mkomavu mwenye mkanda, mwoshe, mlegeze kwenye maji yenye spiriti kidogo mpaka atulie na kunyooka, kisha mhamishie kwenye chupa yenye spiriti safi yenye nguvu. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi tarehe, jina la kijiji, kina ulichochimba na zao lililokuwa juu, uitumbukize karatasi humo humo ndani ya chupa. Wino utayeyuka, penseli haitafutika. Binti wa udongo, mtumie ujumbe wa faragha mkubaliane jinsi ya kuzichukua.

---

binti_wa_udongo

Nimeshamtumia, mzee. Kaka mkulima, mvua za Novemba zikianza nitakuja Uyole na chupa zangu. Naomba tu usilime ile kona ya karibu na mfereji kabla sijafika.